Shangazi kenda benki mara nne kufungua akaunti ya akiba, mpaka leo hana. Tatizo liko wapi hasa?

#1 CherehaniFuoni
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nnaomba mnisaidie kuelewa.

Shangazi yangu ni mkulima wa mwani Jambiani, zaidi ya miaka ishirini yumo majini. Pesa zake nyengine zinakaa kwa mwenye duka, nyengine kwenye upatu. Mwaka huu kaniita, kasema anataka akaunti ya akiba ili pesa yake ya Hija isikae tena mkononi mwa mtu. Nikafurahi, nikamwambia ntakupeleka mwenyewe.

Siku ya kwanza ana Zan ID, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na alfu ishirini za kufungulia. Dirishani tukaambiwa tulete barua ya sheha. Siku ya pili barua tunayo, tukaambiwa haina picha iliyogongwa muhuri. Siku ya tatu picha ipo na muhuri upo, sasa inatakiwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Namba anayo, aliipata wakati ule wa kusajili laini za simu, lakini kaiacha nyumbani. Kila safari ni daladala kutoka Jambiani mpaka mjini na kurudi, na siku ya kwenda mjini hendi pwani.

Siku ya nne tukafika kwenye vidole. Karani akamwambia aweke gumba la kulia. Taa ikawaka nyekundu. Akafuta kile kioo kwa karatasi, akamwambia weka tena. Nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Shangazi akawa anafuta vidole kwenye ncha ya kanga, anabonyeza kwa nguvu mpaka ukucha unageuka mweupe. Nilihesabu mara kumi na nne. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mwisho yule karani akasema, macho yake yako kwenye kompyuta, "Bi mkubwa, vidole vyako havipo."

Kwenye daladala njia nzima kafumbata mikono yake chini ya buibui.

Sasa nauliza: hii ni sheria, ni mitambo, au ni watu?

#2 NgalawaNungwi
Pole sana ndugu, mpe pole na shangazi. Mie waliniambia nilete bili ya umeme yenye jina langu kuthibitisha ninapokaa. Nikamwambia dada wa watu, nyumba yetu ina Tukuza, tunanunua umeme kabla ya kuutumia, hiyo bili ya mwezi itoke wapi? Akanambia basi bili ya maji. Maji tunachota kisimani.

#3 KauntaNambariMbili
Wa aleikum salaam. Naomba nijibu kwa sababu nakaa upande wa pili wa kioo. Benki yangu siitaji.

Kwanza lile neno aliloambiwa shangazi halikubaliki, na kama ni mwenzangu naomba radhi kwa niaba yake. Lakini muelewe na sisi tulivyo. Bara kuna sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu ya 2006, na Zanzibar tuna yetu ya 2009. Zote zinaitaka benki imjue mteja: ni nani, anakaa wapi, pesa yake inatoka wapi. Nikifungua akaunti bila uhakiki kukamilika, aliyeweka saini ni mimi, na wakija wakaguzi wanaanza na mimi. Sistimu yenyewe hainiruhusu kuvuka ukurasa wa vidole. Siwezi kuandika kwamba huyu bibi namjua, anauza mwani.

#4 BintiMakunduchi
@KauntaNambariMbili hayo tumeyaelewa, na hakuna aliyesema msihakiki. Suali la mwenye uzi ni jengine. Kwa nini siku ya kwanza hakuambiwa yote manne? Barua, picha yenye muhuri, NIDA, vidole. Karatasi moja ya kumpa mtu akaondoka nayo inashindikana? Mtu wa Jambiani akiambiwa kitu kimoja kila siku anamaliza nauli ya mwezi.

Mie kwangu ilikuwa akaunti ya mwanangu. Cheti cha kuzaliwa ninacho, jina langu limo, nikaambiwa baba lazima aje. Baba yake yuko baharini miezi minane. Nilirudi wiki ya pili nikakuta karani mwengine, akafungua kwa robo saa bila kumuuliza baba. Sasa hapo mnambie ni sheria ipi ilibadilika ndani ya wiki moja.

#5 MtuWaKonde
Binti kasema kweli. Ni watu. Ukimpata karani mwema unafunguliwa, ukimpata aliyegombana nyumbani utazungushwa.

#6 MpembaMuscat
Si watu tu. Ukali huu ulikuja pale Tanzania ilipowekwa mwaka 2020 kwenye ile orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia nchi zilizolegea kuzuia fedha haramu. Benki za nje zikaanza kuzikagua benki zetu, na benki zetu zikatugeukia sisi. Mie niko Muscat, kufungua akaunti nyumbani nilitakiwa kopi ya pasipoti iliyothibitishwa na mwanasheria, kibali cha ukaazi na barua ya muajiri. Miezi mitatu.

#7 MsomaSheria
@MpembaMuscat marekebisho kidogo. Tuliwekwa Oktoba 2022, si 2020. Na Juni 2025 tumetolewa. Kwa hiyo kama orodha ndiyo sababu, tungetarajia mambo yalegee sasa, na shangazi wa mwenye uzi kazungushwa mwaka huu.

Mie naona kiini ni kwamba tuna vitambulisho viwili. Zan ID ilianza kwa Sheria Nam. 7 ya 2005, na sasa inasimamiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii uliokuja kwa Sheria Nam. 3 ya 2018. NIDA ni taasisi ya Muungano. Na mambo ya benki ni ya Muungano. Katiba imetaja mpaka "mabenki ya kuweka akiba" kwenye orodha yake. Basi mitambo mingi ya benki imejengwa kuuliza NIDA, na karani anakiona kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kama karatasi ya ziada.

#8 MtuWaKonde
Kwa hiyo Zan ID haina nguvu kisheria benki?

#9 MsomaSheria
Sijasema hivyo. Nguvu inayo, ni kitambulisho halali cha serikali. Nasema mashine inauliza kitu gani, si sheria inasema nini.

#10 KauntaNambariMbili
Kwetu Zan ID tunaipokea. Tatizo linakuja majina yakipishana na NIDA. Hapo sistimu inagoma na faili linapelekwa makao makuu.

#11 MwalimuMkoani
Hapo kwenye majina umegusa kidonda. Nafundisha skuli hapa Mkoani, na kila mwaka wa mtihani nashinda nikirekebisha majina ya watoto. Chukua jina la Mwanakhamis. Bibi mmoja ataliandika neno moja, ofisa mwengine ataligawa: Mwana, kisha Khamis. Fomu ina visanduku vitatu. Likigawanywa, Mwana linakuwa jina la kwanza, Khamis linakuwa la baba, jina la baba linakuwa la babu, na babu mwenyewe anabaki nje. Mtu ni yuleyule, kwenye karatasi keshakuwa binti wa mtu mwengine.

Bado hatujafika kwa Mohammed, Muhammad, Mohamed na Mohd. Bado Fatma na Fatuma, Khamis na Hamisi. Ofisa aliyezoea majina ya Bara anaandika anavyosikia, naye mzazi asiyesoma hawezi kumsahihisha. Miaka kumi na tano baadae mtoto anakwenda kufungua akaunti ya kupokelea mkopo wa chuo, anaambiwa wewe si wewe.

#12 UstadhWete
Allah akulipe mwalimu. Mie jina ni sawa, tarehe ndiyo mbovu. Mama alikuwa anajua nimezaliwa mwaka wa mvua kubwa, siku hajui. Wakaniandikia 1 Januari. Cheti nilichokuja kukipata baadae kina tarehe nyengine.

#13 MsomaSheria
@UstadhWete na hilo ni zito zaidi kuliko jina, kwa sababu namba ya NIDA yenye tarakimu ishirini huanza na tarehe yako ya kuzaliwa. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Tarehe ikikosewa imo ndani ya namba yenyewe, na ile namba umeshaitumia kwenye laini ya simu na kila mahali.

#14 CherehaniFuoni
Ahsanteni. Jina la shangazi silitaji, lakini linaanzia na Mwana kama alivyosema mwalimu. Sasa moyo umeanza kunidunda, sijaangalia limeandikwaje NIDA. Lakini kwanza vidole. Kuna mtu keshapitia haya?

#15 BintiMakunduchi
Vidole vya wakulima wa mwani ndivyo vilivyo, mama yangu pia. Ukifunga taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba mchana kutwa, maji ya chumvi, mchanga, kamba ya nailoni inapita hapohapo kwenye ncha ya kidole. Mistari inakwisha. Mama simu yake ya kidole aliirudisha dukani akidhani mbovu.

Tulichofanya ni mafuta ya nazi usiku, siku tatu, na asubuhi ya kwenda tukapaka kidogo tena.

#16 KauntaNambariMbili
Dada, ya usiku sawa, ya asubuhi msipake. Mafuta yanachafua kioo na hasomi yeye wala anayemfuata. Bora anawe kwa maji ya uvuguvugu, afute, asubiri ngozi ilainike. Na muombe karani ajaribu vidole vyote kumi. Wengi wetu tunajaribu gumba na shahada tu kwa kuwa foleni ndefu. Huo ndio ukweli na nausema.

Vidole vyote vikikataa, aende ofisi ya NIDA akachukuliwe upya. Alama zilizomo kwao huenda ni za 2019 wakati watu walipokuwa wanakimbilia kusajili laini, nazo zilichukuliwa harakaharaka.

#17 NgalawaNungwi
Kweli kabisa, zoezi lilianza Mei 2019 na siku ya mwisho ikawa 20 Januari 2020. Nakumbuka foleni ile, watu wamelala na mikeka.

Mie nna rai nyengine. Mpelekeni wakati wa maji mafu. Bamvua, maji yanapokupwa sana, ndiyo wanaingia mwanini kila siku. Maji mafu hawendi, vidole vinapumzika hata siku tano sita. Bahari yenyewe imeshampangia siku ya kwenda benki.

#18 BintiMakunduchi
Yakhe, wallahi hilo sikuliwaza, na mie ndiye mtoto wa mkulima wa mwani.

#19 MtuWaKonde
Mie bado sijaelewa kwa nini mnahangaika. Upatu wetu hapa Konde watu kumi na wawili, hakuna kidole wala picha. Zamu yako ikifika unapewa chako siku ileile. Mwenye upatu tunamjua na mamake tunamjua.

#20 UstadhWete
Na mwenye upatu akifa? Au akipanda boti usiku? Kwetu Wete limetokea, nyumba mbili mpaka leo hazisalimiani.

#21 MpembaMuscat
Benki nayo ikianguka? Bima ya amana ni milioni moja na nusu tu.

#22 KauntaNambariMbili
Ilikuwa milioni 1.5. Tangu 2023 Bodi ya Bima ya Amana imepandisha mpaka milioni 7.5 kwa mteja katika benki moja. Kwa mtu wa akiba ya Hija hicho si kidogo.

#23 MpembaMuscat
Nimekosea mara ya pili kwenye uzi mmoja. Nashukuru kwa kunisahihisha.

#24 MwalimuMkoani
Kwa wanaosema pesa ikae nyumbani, nisikilizeni. Bibi yetu mmoja Micheweni alikuwa na kibubu cha mbao chini ya kitanda. Mwaka 2024 Benki Kuu ikatangaza noti za zamani, zile za kuanzia 1985 mpaka 2003 na ile ya mia tano ya karatasi ya 2010, zibadilishwe kuanzia 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si pesa tena. Bibi redio hana, wajukuu hawakujua kama kibubu kina noti hizo. Tumekuja kukivunja mwezi wa sita kwa ajili ya matibabu yake. Alizipanga kwa mafungu, kila fungu kafunga kwa ukuti. Alfu kumi za zamani, alfu tano, mpaka mia tano. Alituuliza, "Sasa hizi nimpe nani?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo akaunti ni lazima. Ndiyo maana inauma mlango ukiwa mzito kiasi hiki kwa watu kama yeye. Alikuwa aende na Zan ID iliyofutika na jina lililogawanywa, kutoka Micheweni mpaka Chake.

#25 NgalawaNungwi
Inna lillahi. Mwalimu, umenitoa machozi asubuhi.

#26 UstadhWete
Nitoke nje ya mada kidogo, lakini kwa kuwa ni pesa ya Hija ni lazima niseme. @CherehaniFuoni shangazi afungue aina gani ya akaunti? Akiba ya kawaida ina riba. Aulizie wadia, hiyo ni amana, benki inamtunzia na haimuahidi nyongeza. Au mudharaba, hapo faida inagawanywa kwa uwiano mliokubaliana na haikuahidiwa kabla. Zipo. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma ya Kiislamu tangu 2011, na mwaka huohuo Amana Bank ikaanza.

#27 CherehaniFuoni
Ahsante Ustadh. Hilo aliuliza mwenyewe siku ya kwanza, akaambiwa "chagua kwenye fomu." Fomu imeandikwa Kiingereza.

#28 BintiMakunduchi
Hilo la fomu ya Kiingereza lingekuwa uzi wake peke yake. Mtu anaweka saini kitu asichokisoma, halafu anaulizwa "chanzo cha mapato" na kwenye orodha ya kompyuta mwani haumo. Mama aliandikwa "mfanyabiashara ndogondogo". Hajawahi kuuza hata embe.

#29 MwalimuMkoani
Na tusisahau zamani. PBZ ilianzishwa 1966, baba yangu alikuwa na kitabu cha akiba kilichoandikwa kwa kalamu. Karani akimuona mlangoni keshajua ni mtoto wa nani na anakaa wapi. Uhakiki ulikuwepo, ila uliishi kichwani mwa mtu. Leo karani anahamishwa kila baada ya miaka miwili, anatoka Mwanza au Arusha, hana kosa, lakini hamjui mtu. Mie nadhani hapo ndipo tulipopoteza.

#30 MsomaSheria
Mwalimu, nakuheshimu, lakini utaratibu huo wa kujuana ndio uliowanyima huduma waliokuwa hawajuani na karani. Kipemba au Kiunguja, mtoto wa fulani anapita, mtoto wa nani asiyejulikana anakaa benchi. Mie naipendelea mashine, ila itengenezwe na watu waliowahi kumuona mkulima wa mwani.

Kwa mwenye uzi: andika malalamiko kwa benki yenyewe kwa maandishi, baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, Benki Kuu wana utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja, na tawi lao liko hapa Unguja, Gulioni. Lakini lazima uanzie kwa benki, Benki Kuu watakuuliza hiyo barua.

#31 MtuWaKonde
@CherehaniFuoni wewe ndiye fundi wa pale Fuoni njia panda? Shangazi umemfuatilia mara nne, kanzu yangu ya Idi nimeifuatilia mara tano!

#32 CherehaniFuoni
Kanzu yako iko tayari tangu Alhamisi, simu yako haipatikani. Njoo uichukue.

#33 MtuWaKonde
Nakuja Jumapili na boti. Samahani fundi.

#34 CherehaniFuoni (siku kumi baadae)
Narudi na habari. Nilifuata maneno ya NgalawaNungwi, tumesubiri maji mafu. Mafuta ya nazi usiku, asubuhi maji ya uvuguvugu tu, kama alivyosema mtu wa kaunta. Tumekwenda tawi jengine. Karani kijana, kamwita "mama", kamvutia kiti. Gumba limekataa, shahada imekataa, ya kulia yote imekataa. Akasema tujaribu kushoto. Kidole cha pete cha kushoto, kijani.

Shangazi hakusema kitu, kakitazama kidole kile muda mrefu.

Halafu jina. NIDA wameligawa, kama mwalimu alivyosema, na kwenye Zan ID ni neno moja. Faili limepelekwa makao makuu, tumeambiwa tusubiri meseji. Leo siku ya nne. Yule kijana kanipa namba yake ya ofisini na karatasi yenye kila kitu kinachotakiwa, kaiandika kwa mkono, kwa Kiswahili.

#35 KauntaNambariMbili
Alhamdulillahi kwa kidole. Kwa jina, msisubiri meseji peke yake. Nendeni pale kwa Wakala wa usajili mkaombe uthibitisho kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, muambatanishe. Na hiyo karatasi ya mkono ipigeni picha muiweke hapa.

#36 MwalimuMkoani
Naunga mkono. Nami nitaibandika ubao wa skuli, wazazi waione.

#37 MpembaMuscat
Samahani kuingilia. Kuna anayejua tawi lolote Wete linalofungua Jumamosi? Mama anataka kwenda na mimi kwenye simu.

#38 UstadhWete
Nakuulizia kesho baada ya Alfajiri, kuna kijana wa benki tunasali naye. Mwambie mama aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa, na akitazame jina lake herufi kwa herufi.